King'ora Kililia Kabla ya Kura

Zeferino alikuwa ameshamfunga mke wake vifungo vya koti. Otília akavifungua vyote, kimoja kimoja, halafu akamtazama huku anacheka, kama mtoto aliyemshinda mwenzake kwenye mchezo.

"We mwanamke, tutachelewa bwana."

"Kwani tunakwenda wapi?"

"Kwenye baraza la jiji. Nimeshakwambia."

"Nani anaoa?"

"Haoi mtu. Ni mkutano. Madiwani wanajadili saa zetu za kazi, sisi watu wa zimamoto."

"Basi kama hakuna harusi, mimi sivai viatu hivi," akasema Otília, na akavivua kweli!

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kusahau anajua kwamba hapo hugombi. Unapiga magoti, unamvalisha tena, unamwimbia kidogo, mnatoka. Zeferino akapiga magoti, na magoti ya mtu aliyebeba mipira ya maji maisha yake yote hayapigwi kimyakimya. Yalilia kama bawaba kavu. Siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mke wake. Idalina, dada yake Otília, alikuwa kijijini anavuna zeituni, anakimbizana na mvua ya Novemba.

Sasa elewa jambo moja, maana hadithi yote iko hapa. Katika mji wetu wa Montezelo, askari wa zimamoto anaingia kazini asubuhi na anatoka asubuhi inayofuata. Saa ishirini na nne nzima. Mnapika pamoja, mnakula pamoja, mnalala na buti kando ya kitanda, na king'ora kikilia mnateremka. Baada ya hapo unakaa nyumbani siku tatu. Ndivyo ilivyokuwa tangu Zeferino anaajiriwa bado hana hata ndevu za maana, mpaka leo yeye ni mkuu wa zamu. Na ndivyo alivyoweza kumtunza Otília tangu kichwa chake kianze kupoteza vitu. Siku ya zamu, Idalina anapanda basi anakuja kulala kwao. Siku zinazobaki ni za Zeferino mwenyewe. Anamwosha, anampikia supu ya kabichi, anamtembeza kando ya mto, na swali lile lile analijibu kila mara kama ndiyo kwanza analisikia.

Lakini mezani kulikuwa na pendekezo. Zamu zikatwe, ziwe za saa kumi na mbili: leo mchana, kesho usiku, ndipo upumzike. Ukilisoma unaona huruma tupu. Kwa Zeferino lilikuwa na maana moja tu, kwamba atatoka nyumbani mara mbili pale alipokuwa akitoka mara moja. Na Idalina, mwenye mbuzi wake na mgongo wake, alishamwambia kwenye simu bila kuzunguka: "Shemeji, mara moja naweza. Mara mbili nitatangulia kaburini mimi."

Binti yao Sílvia, anayefanya kazi Luxemburg, alikuwa ameshapata kitanda kwenye nyumba ya wazee ya watawa, kule mlimani. Kinashikiliwa mpaka Ijumaa. Zeferino alikwenda kupaangalia. Pasafi! Watawa wapole! Akawaona wazee wamepangwa mbele ya televisheni isiyo na sauti, na bibi mmoja anamwita mtu ambaye hayupo, anamwita tu, hachoki. Zeferino, ambaye amewahi kuingia chini ya paa linalowaka akatoka na mtu mgongoni, alitoka pale mbio kutafuta hewa.

Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwenye baraza kuomba. Kuomba mke wake abaki nyumbani. Hilo tu, hakuwa na siasa nyingine.

Na pendekezo lilikuwa la nani? Jamani. Lilikuwa la Dulce Sarmento, mama yake Rúben.

Rúben alikuwa kijana wa zamu ya Zeferino. Mcheshi, mlafi, anaimba vibaya kuliko watu wote kituoni. Kiangazi cha mwaka juzi misitu ya mikalitusi iliwaka usiku kucha, na asubuhi walirudi kituoni nyuso nyeusi kama masufuria. Zeferino akamwambia, "Lala hapa kwanza, kijana." Rúben akacheka. "Nikalale na nyinyi mnaokoroma, Mkuu? Naenda kwa mama." Akawasha gari. Pale kwenye kona ya daraja usingizi ukamchukua, na gari likauvaa mti. Walioitwa kwenda kumtoa walikuwa wenzake.

Dulce alikuwa mfamasia, mtu wa kimya. Baada ya mazishi akagombea udiwani kwa sababu hiyo moja, na akapita. Tangu siku ile kaburini yeye na Zeferino hawakuwahi kusemeshana. Wakikutana njiani kila mmoja anapata kitu cha kutazama upande wa pili.

Walipoingia ukumbini, viti vya wananchi vilikuwa vimejaa watu wa zimamoto, wengi na makoti yao ya kazi. Kijana mmoja anaitwa Gaspar akaruka kumpisha Otília kiti. Huyu ni wa zamu nyingine, alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo hiyo na hajafika kwao. Macho mekundu kama sungura.

"Mkuu, leo umemleta na bibi harusi! Mama Otília, unanikumbuka mimi?"

Otília akamkagua juu mpaka chini. "Nakukumbuka. Wewe ndiye mwizi wa kuku."

Viti vyote vikalipuka kwa kicheko.

"Mama, kuku nilimkosa," akasema Gaspar, mkono kifuani. "Mengine yote niliiba, lakini kuku nilimkosa."

Ndipo Meya Falcão akagonga meza. Mzee mwembamba, miwani mwisho wa pua. "Ukimya tafadhali. Tunaanza na ajenda. Wananchi watazungumza mwisho, baada ya kura."

Kelele ikapanda.

"Mwisho vipi? Siku zote wananchi wanaanza!"

"Tulibadilisha tangu masika," akasema Meya. "Tangazo liko kwenye mlango mkubwa, kila mtu analiona."

Kila mtu, isipokuwa watu wa zimamoto. Wao kituo chao kiko ng'ambo ya uwanja, nyuma ya manispaa, na tangu enzi za babu zao wanaingilia mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Mlango mkubwa wanaupita siku ya gwaride tu.

"Yaani tumwombe baada ya kura?" akanong'ona jirani yake Zeferino. "Hiyo si sawa na kumchumbia mwanamke akiwa ameshatoka kanisani na mume?"

"Tena ana mimba," akaongeza mwingine nyuma.

Zeferino hakucheka. Ndiye aliyechaguliwa kusema. Wenzake walimwambia, wewe ndiye unayeweza kumtazama yule mama usoni. Maneno alikuwa ameyaandika kwenye simu, na tangu asubuhi alikuwa anayasoma, anafuta, anaandika tena. Sasa ni kama barua iliyofika nyumba imeshauzwa. Akakirudisha kisimu chake mfukoni, akaushika mkono wa Otília.

Mjadala ukaanza. Diwani Abrantes, mtu wa tumbo na sauti, akasimama. "Watu wenyewe hawataki! Tazameni pale nyuma, wamekuja wote kusema hawataki. Huyu ana shamba lake la mizabibu, huyu anaendesha teksi, huyu ana mgonjwa nyumbani. Zile siku tatu ndizo zinazowaweka hai. Diwani Sarmento anataka kumwokoa mtu anayepiga kelele niache!"

"Haya, sema wewe!" wakashangilia wa nyuma.

Dulce akasimama. Nguo nyeusi, kola nyeupe. Hakupandisha sauti hata kidogo, na ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie.

"Mwanangu naye alikuwa hataki," akasema. "Nilimwambia tafuta kazi nyingine, akaniambia mama, siku tatu za kulala na kula kwako, nani atanipa? Nilifurahi. Mimi mwenyewe nilizipenda zile siku tatu. Nilikuwa nazihesabu." "Mtu aliyechoka hajui kwamba amechoka. Ndiyo maana anahitaji mtu mwingine amwambie."

Gaspar akatazama buti zake.

Madiwani watatu walikuwa upande wa Dulce na watatu, Abrantes akiwemo, upande wa pili. Kila mtu alijua. Kura ya saba ilikuwa ya Dulce mwenyewe, mwenye pendekezo. Abrantes ni mjanja, akabadili mbinu, akalainisha sauti. "Basi tuahirishe mpaka Januari. Tukae kwanza na vijana tuwasikilize. Itatugharimu nini?"

Meya akamgeukia Dulce. "Pendekezo ni lako. Unakubali liahirishwe?"

Dulce akatazama nyuma kwenye viti vya wananchi, na safari hii hakutafuta kitu cha upande wa pili. Akamtazama Zeferino. Akamtazama na yule mwanamke aliye pembeni yake, koti wazi, anachezea vidole vya mume wake.

"Nipeni dakika chache," akasema.

Wakatoka kwenye korido kunywa kahawa ya mashine. Zeferino alikuwa anampulizia Otília kahawa yake ipoe wakati Dulce alipokuja kusimama mbele yao. Watu wawili wazima, wanatazama kikombe cha karatasi.

"Sikujua kwamba amefika hapa," akasema Dulce polepole. "Nilisikia anasahau sahau. Sikujua ni hivi."

"Imekwenda haraka mwaka huu."

"Unamtunza peke yako?"

"Na dada yake. Siku ya zamu tu. Zamu zikiongezeka..." Hotuba yote aliyoiandika kwenye simu ikawa imeishia hapo.

Otília alikuwa anamkazia macho Dulce. Ghafla uso wake ukafunguka, ukawaka kabisa, ule uso wa zamani. "Dulce! Dulce mama yake Rúben! Mbona umekonda hivyo, mwenzangu? Rúben hajambo?"

Zeferino akamsogezea kikombe. "Otília, mama, kunywa kahawa..."

"Hebu niache, naongea na mwenzangu. Hajambo yule mtoto? Ameoa?"

Dulce alishika ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kina mama wanaokutana sokoni:

"Hajambo. Bado hajaoa."

"Yuko wapi leo?"

"Yuko zamu."

"Aha, zamu. Anatoka asubuhi?"

"Asubuhi, ndiyo."

"Akitoka mwambie apitie kwangu. Nimemwekea wali wa maziwa, ule wa mdalasini, na leo asiseme ni mdogo, nimejaza sinia."

"Nitamwambia."

Otília akaridhika, akarudi kwenye kahawa yake. Dulce akabaki pale, machozi yanateremka na hayafuti. Na ajabu, alikuwa anatabasamu kidogo. Nani tena mjini mzima alikuwa bado anamuulizia Rúben kama mtu aliye hai? Akamshika Zeferino mkono.

"Nitaahirisha. Mpaka Januari, tukae tuzungumze vizuri, wewe na mimi na vijana. Kwa ajili ya huyu, abaki na wewe hata hii Krismasi."

Zeferino akaitikia kwa kichwa. Aliporudi kukaa, kifua kilikuwa chepesi mpaka akaogopa. Akainama sikioni kwa Otília, akamwambia, "Tunabaki nyumbani." Otília akamjibu, "Sasa tungeenda wapi?"

Meya akagonga meza. "Diwani Sarmento, tunakusikiliza."

Dulce akasimama. Akafungua mdomo.

King'ora kikalia.

Kile cha juu ya paa la kituo, ng'ambo ya uwanja, kinachotikisa vioo vya Montezelo nzima. Na wale watu wa nyuma, wee! Viti vikapinduka. Hakuna aliyetazama mwenzake wala kumuuliza. Zamu ya siku hiyo ilikuwa kituoni, imekamilika, magari yana watu wake. Hawa walikuwa mapumzikoni! Lakini Montezelo king'ora hakiulizi zamu ya nani, na tangu zamani kuna desturi kwamba anayefika mwisho ananunua mvinyo wa chakula cha jioni. Wakasukumana mlangoni, wanatukanana, wanacheka. Gaspar alikuwa amesinzia kichwa ukutani. Akashtuka, akaruka kiti, akapiga goti kwenye nguzo, hakuelewa hata yuko wapi, akakimbia hivyo hivyo, buti moja kamba zinaburuta.

Hata miguu ya Zeferino ilishasimama yenyewe. Alijikuta amesimama, na Otília amemng'ang'ania mkono wa koti.

Alitaka kupiga kelele, rudini! Kaeni! Dakika moja tu, mama wa watu anataka kutupa tunachokiomba! Lakini mkuu wa zamu anawaambiaje watu wake wasikimbie? Maneno hayo hayakuwamo mdomoni mwake. Hayajawahi kuwamo. Mlango ukafungika, ukumbi ukawa mtupu, wamebaki yeye na mke wake na makoti yaliyoanguka chini.

Dulce alikuwa bado amesimama. Alikuwa anautazama ule mlango, na uso wake umepauka.

"Zeferino," akaita.

"Diwani," akasema Meya, "wananchi ni mwisho wa..."

"Namuuliza yeye. Yule kijana aliyetoka wa mwisho. Ametoka zamu lini?"

"Asubuhi ya leo."

"Amelala?"

Mashine ya kahawa inasikika ikinguruma kwenye korido.

Neno moja tu. Ndiyo. Angesema amelala, nani angejua? Abrantes alikuwa anamwashiria kwa kichwa kutoka kule mbele, sema ndiyo, bwana, sema! Otília alikuwa anamvutavuta mkono. Zeferino alimwona tena akilini Gaspar alivyoruka kile kiti, macho yameelea, goti linagonga nguzo bila yeye kusikia maumivu. Na baada ya kazi, gari lake liko pale uwanjani, na nyumbani kwao ni baada ya daraja.

"Hajalala," akasema Zeferino. "Usiku kucha walikuwa barabara kuu, kwenye ajali ya lori. Hajalala kabisa."

Dulce akafumba macho. Alipofumbua, hakumtazama tena.

"Siahirishi," akasema. "Naomba kura ipigwe."

Wanne kwa watatu. Mkono wa Dulce ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda mpaka juu. Meya akaandika, akapindua ukurasa, akasoma jina kwa sauti ile ile ya kusomea majina ya barabara zinazozibwa mashimo. "Sasa wananchi. Amejiandikisha mmoja. Zeferino Bragança, zimamoto."

Zeferino akasimama. Madiwani saba wakamngoja. Simu yenye maneno ilikuwa mfukoni, hakuigusa.

"Nilikuwa nimekuja kuomba, Bwana Meya," akasema. "Sasa nauliza tu choo kiko wapi. Mke wangu anahitaji."

Ni Dulce aliyenyanyuka. Akamshika Otília kiuno, wakatoka pamoja, polepole, kama ndugu. Zeferino alibaki anaokota makoti ya vijana sakafuni, anayakung'uta, anayapanga juu ya viti.

Alipotoka na Otília aliwakuta vijana uwanjani wanarudi, mvua imeanza, wananuka masizi na wanapigana vikumbo.

"Bomba la moshi la jiko tu, Mkuu! La bibi Hermínia! Amechoma magome mabichi yule bibi!"

"Gaspar ananunua mvinyo! Amefika wa mwisho!"

"Vipi huko, wamefika kwenye hoja yetu?"

Zeferino akawaambia. Furaha ikazimika uso kwa uso. Mmoja akatukana, akapiga teke dimbwi la maji. "Lakini mbona ilikuwa inaahirishwa? Abrantes kaniambia kwenye korido yule mama kalainika! Nini kimetokea?"

"Kura imetokea," akasema Zeferino, akanyoosha mkono. "Gaspar, funguo za gari."

"Mkuu, niko sawa, natembea..."

"Funguo."

Gaspar akazitoa.

"Panda juu ukalale. Nikikukuta macho wazi nakufunga na kamba kitandani."

Kijana akavuka uwanja kichwa chini. Zeferino akangoja mpaka mlango wa kituo umfunike. Halafu akamwingiza Otília chini ya paa la duka la mikate, mahali pakavu, akampigia simu binti yake.

"Baba? Imekuwaje?"

"Kile kitanda," akasema Zeferino. "Waambie watawa tunakuja Ijumaa."

"Baba, ulisema nao? Uliwaeleza?"

"Niliulizwa nikajibu. Sikiliza, uandike, maana mimi pale mlangoni sitaweza kusema vitu hivi. Analalia upande wa kulia. Wasimzimie taa yote. Supu isiwe ya moto, hajui tena kupuliza. Akikasirika wasimshike mikono, wamwimbie, wimbo wowote, haijalishi. Akiniulizia..."

Otília alikuwa anautega mkono wake kwenye maji yanayodondoka toka kwenye paa, anauangalia unavyolowa, kisha anaupangusa kwenye koti la mume wake.

"Akiniulizia," akasema Zeferino, "waseme niko zamu."